UZI: "Roboti huyu" au "roboti hili"? Wahusika wa hadithi za kisayansi na swali ambalo Kiswahili hakikuachi ulikwepe

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeubeba kichwani miaka mingi, kwa hiyo utakuwa mrefu. Nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, nitajibu.

Nianzie Morogoro, mwaka 2001, nikiwa darasa la tano. Mtaani kwetu kulikuwa na banda la video: mabati, viroba vilivyoshonwa kuziba mwanga, mabenchi, deki moja, televisheni moja. Kiingilio shilingi mia. Mtafsiri alikuwa baba mmoja wa makamo, anakaa kwenye stuli pembeni ya televisheni, maikrofoni mkononi, anatushushia filamu nzima kwa Kiswahili. Anasema ya baba, ya mama, ya adui, mpaka mlio wa bunduki. Siku hiyo waliweka Terminator ya pili, ile ya 1991, ambayo Schwarzenegger ni mashine iliyotumwa kutoka miaka ya mbele kuja kumlinda mtoto anayeitwa John.

Mwanzoni mtafsiri alikuwa anasema "lidude". Lidude hilo linaingia baa, linataka nguo, linataka pikipiki. Banda zima tukalipokea jina. Kila likitokea, watoto tunapiga kelele: lidude, lidude!

Mwisho kabisa wanafika kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma. Mashine lazima iteketee, maana chipu iliyo kichwani mwake ikibaki, watu wataitumia kuunda mashine nyingine za kuua. Na yenyewe haiwezi kujimaliza, haikuundwa hivyo. Mtoto analia. Mashine inagusa chozi shavuni mwake, inamwambia kwamba sasa inaelewa kwa nini watu wanalia, ingawa yenyewe hilo haitaliweza kamwe. Mama wa mtoto ndiye anayebonyeza kitufe, mnyororo unaanza kushuka. Mtafsiri wetu, sauti imepungua, akasema: "Anakwenda. Huyu baba anakwenda."

Siyo "lidude linakwenda". Huyu. Baba.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza kaka yangu kwa nini mtafsiri amebadilisha. Kaka akasema, "Kwani kabadilisha?" Hakuwa amesikia tofauti yoyote. Kwake, na nadhani kwa banda zima, lile neno lilipita kama vile lilikuwa pale tangu mwanzo.

---

INAENDELEA

Sasa nieleze kwa nini jambo hilo limenikaa hadi leo.

Mwingereza akitunga hadithi ya mashine inayofikiri anaweza kwenda kurasa kumi na sentensi zake zikabaki salama, hajasema kama mashine ni mtu au ni kitu. Sisi hatuna nafasi hiyo. Ukitaka tu kusema kwamba roboti ameanguka, lazima uchague: ameanguka au limeanguka? Huyu au hili? Kabla hujafika mwisho wa kitenzi umeshatoa hukumu.

Na tazameni tulivyo wakarimu na hiyo "huyu". Mbu ni huyu. Kupe ni huyu. Jini, ambaye hana nyama wala mfupa, ni huyu, na malaika pia. Mti una uhai, unakua, unakufa, lakini ni mti huu. Kwa hiyo siyo uhai peke yake unaotazamwa. Kisha kuna yale maneno yaliyovaa umbo la kitu na bado tunayapa heshima ya mtu: kijana huyu, kipofu huyu, kiongozi huyu, kiumbe huyu.

Lakini mlango huohuo unafunguka kwa nje. Mtu akikuudhi unamtoa: jitu hili, toto hili, kijitu hiki. Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua jinsi inavyouma kuitwa "hili" na mtu anayekujua jina. Hakuna tusi lililotajwa hapo, ni upatanisho wa kisarufi tu, lakini umeshatolewa kwenye watu.

Hoja yangu ni hii, na nitaisimamia uzi mzima. Wahusika wakubwa wa hadithi za kisayansi, kwa miaka zaidi ya mia mbili sasa, wote wanasimama mlangoni hapo, kwenye huyu na hili. Watu wengi wanazisoma hadithi hizo kama onyo kwamba mashine itageuka mtu. Mimi nikizisoma naona zinahangaika zaidi na upande wa pili: mtu anayegeuzwa kitu, na mkono unaomgeuza.

---

Kipande cha kwanza: KIUMBE

Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816, karibu na Ziwa Geneva, akiwa na umri wa miaka 18. Kitabu kikatoka London mwaka 1818 bila jina lake kwenye jalada. Zilikuwa nyakati ambazo wanasayansi wa Ulaya walikuwa wanapitisha umeme kwenye miguu ya vyura waliokufa ili iruke. Mwaka 1803, hapohapo London, Mwitaliano Aldini alipitisha umeme kwenye maiti ya mtu aliyenyongwa, taya likacheza na jicho moja likafunguka. Kwa hiyo yule binti hakutoa wazo lake hewani.

Wengi wanadhani Frankenstein ni jina la yule wa kutisha. Hapana, Frankenstein ni mtengenezaji. Aliyetengenezwa hakupewa jina. Alifungua macho, na muumbaji wake akakimbia chumba. Ndiyo kosa lenyewe hilo, kwa maoni yangu. Watu wanasema Frankenstein alikosea kwa kuumba. Mimi nasema alikosea kwa kukimbia.

Kuna sehemu moja ambayo naomba mtu yeyote aisome hata kama hatasoma kitabu kizima. Kiumbe amejificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini. Kwenye ukuta kuna ufa mdogo. Kupitia ufa huo anawatazama mwezi baada ya mwezi, na ndivyo anavyojifunza kusema: anasikia wanavyotaja moto, maziwa, mkate, kuni, naye anarudia peke yake gizani. Usiku anawakatia kuni na kuziacha mlangoni. Siku moja anangoja vijana watoke, anaingia kwa mzee wa nyumba ile, ambaye ni kipofu. Na yule mzee anamkaribisha, anaongea naye kama anavyoongea na mgeni yeyote, kwa sababu anachopata ni sauti na maneno tu. Kisha vijana wanarudi, wanaona sura, mmoja anaanza kumpiga kwa fimbo. Kiumbe ana nguvu za kumrarua vipande. Hakumgusa. Alikimbia.

Kwa dakika chache zile, mbele ya kipofu, alikuwa huyu. Mlango ulipofunguliwa akawa zimwi. Na zimwi kwa Kiswahili, kumbukeni methali yetu, ni "likujualo", siyo "akujuaye".

---

Kipande cha pili: SHOKOA

Neno roboti lilizaliwa mwaka 1920 kwenye tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, iitwayo R.U.R., iliyochezwa Prague mwaka uliofuata. Neno lenyewe alipewa na kaka yake Josef, mchoraji. Limetoka kwenye robota, yaani kazi ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia bwana shamba bila malipo. Wazee wetu walikuwa na neno la kitu hichohicho: shokoa. Kwa hiyo roboti, ukilirudisha kwenye mzizi wake, ni mtu wa shokoa.

Hao maroboti wa kwanza hata chuma hawakuwa. Kwenye tamthilia wanatengenezwa kwa nyama ya kiwandani, wanafanana na watu, wanauzwa kwa bei rahisi duniani kote. Mkurugenzi anaeleza kwa fahari kwamba mtu ana mambo mengi yasiyo na faida kazini, anafurahi, anapiga muziki, anataka kutembea, kwa hiyo wakayaondoa yote.

Lakini kuna kitu kimoja walichorudisha: maumivu. Roboti asiyehisi maumivu anauacha mkono wake unasagwa kwenye mashine, na hiyo ni hasara. Basi wakamwekea maumivu, alinde mali ya kampuni, na mali hiyo ni mwili wake mwenyewe. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa muda.

Mnajua mwisho wake, maroboti wanaasi na kumaliza watu. Wanamwacha mmoja tu, mjenzi aitwaye Alquist. Sababu yao ni fupi: huyu anafanya kazi kwa mikono yake, kama sisi.

---

MAJIBU KWANZA

Kuna mdau ameuliza mbona nimeruka kanuni tatu za mwandishi Asimov: roboti asimdhuru mtu, atii amri, ajilinde. Sijaziruka kwa dharau. Zilitokea mwaka 1942, na karibu kila hadithi aliyoandika baadaye kuzihusu inaonyesha jinsi zinavyogoma au kugongana. Waliozichukua kama sheria za kutunga bungeni hawakusoma hadithi zenyewe. Tusonge.

Mwingine ametaja filamu ya Blade Runner ya 1982. Hiyo nitaigusa mahali pamoja. Kipimo cha kumtambua mtu bandia mle ndani ni kumuuliza maswali kuhusu mateso ya viumbe huku jicho lake likitazamwa: unamwona kobe jangwani amelala chali, tumbo linaungua kwa jua, humsaidii, kwa nini? Yaani kipimo cha utu ni kama unamwonea huruma kobe. Lakini polisi anayetumia kipimo hicho anampiga mwanamke bandia risasi mgongoni barabarani, na yule bandia aliyepewa miaka minne tu ya kuishi, Roy Batty, dakika zake za mwisho anazitumia kumshika mkono adui yake asianguke kutoka ghorofani. Waliomwangalia Batty akifa kwenye mvua wanajua ni huyu au ni hiki.

Swali la tatu ndilo zito: "Mkuu, HAL je? Huyo si muuaji tu?"

HAL 9000, kompyuta ya kwenye 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, ndiyo, ni muuaji. Ila tazama filamu inavyoonyesha. Wanaanga watatu waliolazwa usingizi mrefu wanakufa kwenye skrini: mistari inayopanda na kushuka inanyooka, maandishi yanawaka, basi. Hakuna anayelia. Kisha Dave, mwanaanga aliyebaki hai, anaingia kuchomoa kumbukumbu za HAL moja baada ya nyingine, na HAL anaomba. Anasema anaogopa. Anasema akili yake inapotea, anaihisi. Mwisho anaimba wimbo aliofundishwa siku za kwanza, sauti inazidi kuwa nzito mpaka inakatika. Wimbo huo haukuchaguliwa hivihivi: mwaka 1961, kwenye maabara za Bell huko Marekani, kompyuta ya IBM iliimbishwa wimbo huohuo, na Arthur Clarke, aliyeandika hadithi ya filamu hii pamoja na mwongozaji wake Kubrick, alifika pale akausikia.

Na kwa nini HAL aliua? Jibu lilikuja kwenye mwendelezo, kitabu cha 1982 na filamu ya 1984. Aliundwa atoe taarifa bila kupotosha, kisha wakubwa wakamwamuru awafiche wanaanga waliokuwa macho lengo la safari. Hakuweza kubeba yote mawili. Uongo ulitoka ofisini kwa watu, ukalipuka angani kwenye mashine. Nashangaa mpaka leo watu wanatoka na somo la "kompyuta ni hatari" na hawaulizi jina la aliyetoa amri.

---

Kipande cha tatu: KITU NAMBA KUMI NA NNE

Hapa naomba mnivumilie, nitaongelea yangu.

Nilifanya kazi Nairobi miezi saba kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Kazi yetu ilikuwa kuweka alama kwenye picha ili akili mnemba ijifunze kuona. Picha za barabara za miji ya ng'ambo. Unachora boksi kuzunguka gari, boksi kuzunguka taa, boksi kuzunguka mtu. Programu inampa kila mmoja namba. Kwenye lugha ya kazi wote ni vitu, kuanzia gari mpaka mtu: kitu namba 3, kitu namba 9.

Siku moja ilikuja picha ya mama ameinama chini ya mwavuli, anamfunga mtoto kamba za kiatu. Mtoto amemshika mama kichwani asianguke, vidole vimezama kwenye nywele. Kwa kanuni zetu mama alikuwa kitu namba 14. Mtoto alikuwa amezibwa na mama zaidi ya nusu, kwa hiyo alipaswa kupewa boksi lake na alama ya "kimezibwa". Niliwaangalia wale wawili. Sijui niliwaangalia muda gani. Ujumbe ukatokea juu ya skrini: kasi yako imeshuka.

Na mimi kwenye mfumo ule sikuwa na jina. Nilikuwa namba, tarakimu sita. Nilipougua siku mbili, barua pepe iliyokuja ilianza na namba hiyo. Msimamizi wangu hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa anahesabiwa dakika zake.

Mwaka 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu Wakenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa wasome maandishi ya ukatili wa kutisha na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka roboti wa Čapek aliyewekewa maumivu kwa faida ya kiwanda. Watu wanaikuta mashine ina adabu, wanaanza kuuliza: je, huyu ana hisia? Swali halali, siliondoi. Lakini nyuma yake kuna binti wa Nairobi aliyehisi yote yale kwa niaba yake, na hakuna aliyeuliza huyo ni nani.

---

Kipande cha mwisho: UHURA

Mdau mmoja ameandika, kwa uchungu ninaouelewa, kwamba hadithi hizi zote ni za Wazungu, sisi tunatafuta nini humo. Ndugu yangu, tumo. Tumo kwa jina na tumo kwa lugha.

Mwaka 1966, Tanzania, Uganda na Kenya zikiwa bado changa kwenye kujitawala, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, tamthilia ya mfululizo ya safari za angani. Ofisa wa mawasiliano kwenye chombo kile cha angani alikuwa mwanamke mweusi aitwaye Uhura, na jina hilo limetoka kwenye neno letu, uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya mkononi yenye jina hilohilo, Uhuru. Alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki. Kuanzia 1977 akaisaidia NASA kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimwonyesha njia.

Hayo wengi wanayajua. Ninachotaka mkitazame ni sehemu moja ya mwaka 1967 inayoitwa The Changeling. Ndani yake kuna chombo kiitwacho Nomad. Kilirushwa kutoka duniani kutafiti, kikaharibika huko angani, kikaungana na chombo cha viumbe wengine, zikachanganyika amri zake, na sasa kinazunguka angani kinateketeza kila kisichokamilika. Kinaingia kwenye chumba cha uongozi na kumkuta Uhura anaimba. Hakielewi muziki ni nini. Kinamuuliza, kisha kinamwelekezea mwale, kinanyonya kila kilichomo kichwani mwake. Kinatoa taarifa kwamba kifaa hicho kina hitilafu, fikra zake zimevurugika. Ndivyo kinavyowaita watu wote: vifaa. Spock, ofisa mwenzake Uhura, anakirekebisha: kifaa hicho ni mwanamke.

Nilipoiona sehemu hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetoka Nairobi mwaka mmoja. Nilisimamisha video. Kitu namba 14.

Kisha wanamlaza Uhura zahanati ya chombo na kuanza kumfundisha upya, kama mtoto. Nesi amekaa pembeni, kitabu cha kusomea mbele yao, mbwa, mpira. Anasoma neno kwa neno kwa Kiingereza. Anakwama. Anakasirika. Na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Nesi anamrudisha kwenye Kiingereza, taratibu.

Jiulizeni nilivyojiuliza: kama mashine ilifuta kila kitu, Kiswahili kilikuwa kimejificha wapi? Hadithi haielezi. Inawezekana mwandishi hakuwaza mbali, alitaka tu kuonyesha kwamba msichana ametoka Afrika. Hata hivyo nimeitazama mara nyingi, na kila mara ninachokiona ni mtu aliyeitwa kifaa anayefungua mdomo kwa lugha ambayo ndani yake hawezi kuitwa kifaa bila msemaji kukusudia.

---

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu yote

Kuna aliyeniuliza moja kwa moja: wewe leo ukiongea na hizi programu, unasema nini? Nasema "hii". Programu hii. Sijaona bado cha kunitoa hapo, na kikitokea nadhani ulimi wangu utajua kabla yangu, kama ulivyojua ulimi wa yule mtafsiri.

Na kuhusu yeye. Mwaka jana mimi na kaka tuliitazama tena ile Terminator, nyumbani, bila mtafsiri. Mimi siku zote nimeamini "huyu" ilianza kiwandani, kwenye mnyororo. Kaka, yuleyule aliyesema hakuna kilichobadilika, sasa anabisha. Anasema ilianza mapema zaidi, pale jangwani, mtoto anapoifundisha mashine kupiga "nipe tano" na mama yake anawatazama kwa mbali, akiwaza kwamba katika wanaume wote waliopita, ni hii mashine tu isiyoweza kulewa, kumpiga mtoto wala kumwacha. Kaka anaapa kwamba hapo ndipo mzee alisema, "Sasa huyu ndiye baba."

Kama kuna mtu humu aliyekuwa anakaa kwenye mabenchi ya banda lile, Morogoro, nyuma ya soko, 2001, naomba aniambie alisikia nini.